Kabla ya kuacha bati na kwenda zinki, hesabu kwanza minyororo yako

Swali: Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, maabara yetu iko Dar es Salaam. Natengeneza polilaktidi (PLA) kutoka L-laktidi ya kununua. Naweka laktidi gramu 14.4, benzili alkoholi mikrolita 52 na matone mawili ya oktoati ya bati (kichocheo), kisha napasha nyuzi 130 kwa saa 24. Kwa hesabu natarajia uzito wa molekuli wa 28,000 hivi, lakini GPC (mashine inayopima ukubwa wa polima) inasoma 15,000. Nikirudia inatoka 11,000, mara nyingine 18,000, na mtawanyiko (tofauti ya urefu kati ya minyororo) ni 1.9. Msimamizi wangu anashauri nihamie kompleksi ya zinki, yaani metali iliyoshikwa na ligandi (molekuli inayoizunguka metali) ya beta-diketiminati. Je, tatizo litaisha?

Jibu: Halitaisha, na pengine litakua. Kompleksi ya zinki unayoitaja ni kianzishi kizuri sana, ila haivumilii kosa ambalo dalili zako zinalionyesha, yaani unyevu na uchafu mwingine. Kosa hilo bati inalisamehe kwa kukupa polima fupi. Zinki inaliadhibu kwa kufa. Kwa hiyo rekebisha kwanza kwa bati, ambayo ni rahisi na ya bei nafuu, ndipo uamue kama kuna sababu ya kuhama.

Tuanze na kazi ya metali yenyewe. Laktidi ni pete ya atomi sita yenye esta mbili. Metali yenye uchu wa elektroni huishika oksijeni ya kabonili ya pete hiyo. Kundi la alkoksidi (alkoholi iliyopoteza hidrojeni ya OH yake) lililokwisha kufungwa kwenye metali hushambulia kaboni ya kabonili, na pete hukatika kati ya kaboni hiyo na oksijeni ya esta. Laktidi iliyofunguka sasa ni alkoksidi mpya juu ya metali ileile, tayari kufungua pete inayofuata. Kifungo cha oksijeni na kaboni yenye metili hakiguswi, ndiyo maana L-laktidi huzaa mnyororo wa mkono mmoja bila kugeuka, yaani vizio vyote vimeelekea upande uleule (L ni mkono mmoja, D ni picha yake ya kioo).

Oktoati ya bati, jinsi inavyotoka kwenye chupa, haina alkoksidi. Inaipata kwa kubadilishana na alkoholi: alkoholi inaingia, asidi ya 2-ethilheksanoiki inatoka, na mabadilishano hayo yanaenda pande zote mbili. Kundi la Penczek, Duda na Kowalski huko Łódź, Poland, lilithibitisha hilo mwishoni mwa miaka ya 1990. Matokeo yake kwako ni makubwa. Kiasi cha bati kinaamua kasi. Idadi ya minyororo inaamuliwa na kila kitu chenye OH kilichomo chupani, kiwe ulikiweka au kilijiingiza chenyewe. Mabadilishano ni ya haraka kuliko ukuaji, hivyo kila OH hupata zamu yake kwenye bati. Laktidi yako ni sahani moja ya ugali: kila mgeni asiyealikwa anayenawa mikono anapunguza tonge za waliopo wote.

Sasa tufanye hesabu ya wageni hao. Kabla ya yote, 15,000 ya GPC si 15,000. Ikiwa mashine imesawazishwa kwa polistaireni, ambayo ni polima nyingine, na kiyeyushi ni THF, namba ya PLA huzidishwa kwa 0.58. Uzito wako halisi ni takriban 8,700, yaani hali ni mbaya kuliko ulivyodhani. Gramu 14.41 za laktidi ni moli 0.1. Tuseme asilimia 95 imegeuka polima: gramu 13.7 ukizigawa kwa 8,700 unapata milimoli 1.57 za minyororo. Wewe uliweka milimoli 0.5 tu za benzili alkoholi. Zilizobaki, milimoli 1.07, ni OH usizozijua. Zingekuwa maji matupu, ni miligramu 19, sawa na sehemu 1,340 kwa milioni ya laktidi yako. Kwa mji wa pwani, ambako unga unaovuta unyevu hulowa ukiwa bado kwenye kijiko cha mzani, kiasi hicho si cha ajabu hata kidogo. Na kwa kuwa unyevu wa hewa na muda wa kupima haufanani siku kwa siku, namba zako haziwezi kufanana.

Maji si mgeni pekee. Laktidi iliyokaa chupani huvunjika polepole kuwa asidi ya laktiki na pacha yake yenye vizio viwili. Kila moja ina OH inayoanzisha mnyororo, na pia ina asidi inayosukuma mabadilishano ya bati kurudi nyuma, hivyo kasi inashuka. Ndiyo maana laktidi ya zamani hutoa polima fupi na kwa kuchelewa. Oktoati yenyewe inauzwa ikiwa na maji kidogo na asidi ya ziada. Ikigeuka manjano iliyokolea na kuwa nzito, bati imeanza kuoksidika. Inunuliwe nyingine, au ile ya zamani ikenekwe kwa ombwe kali ikiwa mnayo pampu ya kutosha.

Kipimo cha kuthibitisha haya hakihitaji kununua kitu. Chukua NMR ya protoni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila aina ya hidrojeni kama kilele mahali pake kwenye mizani ya ppm) ya polima iliyosafishwa na kukaushwa, katika kloroformu yenye deuteriamu. Mnyororo ulioanzishwa na benzili alkoholi una protoni 5 za pete ya benzini karibu na 7.35, na CH ya mwisho wa mnyororo, protoni 1, karibu na 4.35. Mnyororo ulioanzishwa na maji una ile ya 4.35 tu. Kama kila mnyororo ungekuwa wako, uwiano ungekuwa 5 kwa 1. Kwa namba zako natarajia uone karibu 5 kwa 3. Angalia kilele cha kloroformu cha 7.26 na mabaki ya toluini yasikuongezee eneo la benzini. Njia safi zaidi ni kuanzia sasa kutumia 4-tert-butilibenzili alkoholi: protoni zake 9 zinasimama pekee karibu na 1.3 na haziguswi na kitu. Ukitaka urefu wa mnyororo kutoka NMR hiyohiyo, weka eneo la 4.35 kuwa 1, pima eneo la 5.16, toa 1, gawa kwa 2; unapata idadi ya laktidi kwa kila mnyororo. Ile 1 inatolewa kwa sababu CH2 ya benzili inajificha chini ya kilele hichohicho, na kanuni hii ni halali pale tu minyororo yote inapokuwa na benzili.

Kusafisha laktidi ndiko kazi ilipo, na hapa usiharakishe. Yeyusha laktidi kwenye toluini iliyokaushwa, karibu nyuzi 80. Anza na mililita 1.5 kwa gramu na uongeze kidogo tu ikibidi. Chuja ikiwa moto. Iache ipoe polepole mpaka joto la chumba, kisha uiweke kwenye friji. Kusanya fuwele chini ya argoni au nitrojeni kavu, zioshe kwa toluini baridi kidogo, na uzikaushe kwa ombwe nyuzi 40 usiku kucha. Usizipashe zaidi kabla hazijakauka, maana toluini yenye unyevu na joto ndiyo inayorudisha asidi uliyotaka kuiondoa. Rudia mara ya pili. Kisha, kama mna kifaa cha kidole baridi (bomba lililopozwa ambapo mvuke huganda), igeuze mvuke moja kwa moja kutoka kwenye hali ya mango kwa ombwe kali, bafu ikiwa nyuzi 80 hadi 90, chini ya kiwango chake cha kuyeyuka. L-laktidi safi inayeyuka kwenye nyuzi 95 hadi 98, ndani ya digrii moja au mbili. Ikianza kuyeyuka nyuzi 88 na kumaliza 94, bado ina asidi au mesolaktidi (laktidi yenye kizio kimoja cha L na kimoja cha D), rudi mwanzo. Kama kuna mtu jirani mwenye kipimo cha maji cha Karl Fischer, omba nafasi. Ihifadhi katika vichupa vidogo vya kutumika mara moja, chini ya argoni, kwenye baridi kali, na ukitoa kichupa subiri kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua. Kichupa baridi kikifunguliwa katika hewa ya Dar es Salaam, unyevu unatua juu ya fuwele palepale.

Kuhusu matone mawili, yaache leo. Tone halina ukubwa maalumu, na oktoati ni nzito kama asali. Tengeneza myeyusho: miligramu 203 za oktoati katika toluini kavu, ujaze hadi mililita 10. Mililita 1.0 inakupa milimoli 0.05, yaani laktidi 2,000 kwa bati moja. Fanya vivyo hivyo kwa alkoholi: benzili alkoholi miligramu 541 kwa mililita 10, na mililita 1.0 ni milimoli 0.5. Toluini, alkoholi na vyombo vyote vikauke kwanza. Chupa za kioo zikae ovenini usiku mzima, ziunganishwe zikiwa moto kwenye laini ya ombwe na argoni, zivutwe na kujazwa mara tatu. Toluini ikaushwe juu ya punje za zeolaiti za angstromu 3 zilizopashwa nyuzi 300 chini ya ombwe; punje zilizotoka moja kwa moja kwenye mfuko wa duka hazikaushi chochote, zimeshashiba. Ukishaingiza alkoholi usivute ombwe tena ili kuondoa toluini, kwa sababu alkoholi nayo itaondoka na hesabu yako itavurugika. Mililita 2 za toluini hazina madhara.

Zamisha chupa kwenye bafu ya mafuta ya nyuzi 130 na uchukue sampuli kila baada ya muda: dakika 30, saa 1, saa 2, saa 4. Kasi inategemea usafi wa asidi, kwa hiyo saa ya mwenzako haikuhusu. Kilele cha CH ya laktidi kiko karibu na 5.04 na cha polima karibu na 5.16, eneo la polima ukiligawa kwa jumla ya yote mawili unapata asilimia ya ugeukaji. Simamisha kwenye asilimia 90 hadi 95. Utaona mchanganyiko ukikaza na kisumaku kikigoma kuzunguka, kwa sababu polima ya L inaganda fuwele kwenye nyuzi 130. Hilo si kosa. Kosa ni kuiacha kwa saa 24. Laktidi ikishapungua, bati inaanza kukata esta za minyororo yenyewe na kuzibadilishanisha, na ndipo mtawanyiko unapopanda kutoka 1.2 hadi 1.9 yako. Ukiweza kupata MALDI (kipimo kinachopima uzito wa kila mnyororo mmojammoja), vilele vinavyopishana kwa 144 vinasema minyororo imekua laktidi kwa laktidi. Ukiona pia vya kupishana kwa 72, yaani nusu ya laktidi, ukataji umeanza. Ukipandisha joto hadi 180 polima haigandi, lakini ukataji unakwenda kasi zaidi, rangi inaingia, na asilimia chache za laktidi haziishi kamwe kwa sababu mwitiko uko kwenye mizani na joto linairudisha nyuma.

Nikirudi kwa msimamizi wako: wazo lake si baya, ila linategemea unatafuta nini. Kompleksi za diketiminati ya zinki zilipata umaarufu mwaka 1999, kundi la Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, lilipoonyesha kwamba alkoksidi ya zinki yenye ligandi hiyo inachukua mchanganyiko sawa wa laktidi ya L na ya D na kuzipanga kwa kupishana, moja baada ya nyingine. Uwezekano wa kupishana ulikuwa 0.90 kwenye nyuzi 20 na 0.94 kwenye sifuri. Laktidi 200 kwa zinki moja huisha chini ya saa moja bila kupasha chochote. Hiyo ni kazi ya ligandi: makundi manne ya isopropili kwenye pete zake za benzini yanaizunguka metali, na kuacha mlango mwembamba unaopendelea laktidi ya mkono tofauti na ile iliyoingia mwisho. Weka magnesiamu mahali pa zinki na kasi inapanda sana, lakini katika diklorometani upangaji unapotea.

Wewe lakini unatumia L-laktidi peke yake. Hakuna cha kupanga. Mnyororo wako tayari ni wa mkono mmoja. Ukihamia zinki utapata joto la chini na mtawanyiko mwembamba, basi. Na kama siku moja utatumia mchanganyiko wa L na D, jua kwamba polima ya kupishana haigandi fuwele, kwa hiyo haifai kwa chombo cha chai ya moto. Kwa kitu kinachostahimili joto ungehitaji kompleksi zinazopanga vizio vya mkono mmoja kwa makundi. Hapo alumini yenye ligandi za saleni ndiyo yenye historia ndefu: Spassky huko Ufaransa mwaka 1996 kwa ligandi yenye mkono, kisha Nomura huko Japani mwaka 2002 kwa ligandi isiyo na mkono, ambapo mwisho wa mnyororo wenyewe ndio unaochagua. Vipande vya L na D vikikaa pamoja vinaunda fuwele ngumu kuliko za L peke yake. Mchanganyiko kamili wa polima hizo mbili unayeyuka karibu na nyuzi 220 hadi 230, wakati PLA ya L huyeyuka karibu na 175.

Na sasa hesabu inayonifanya nikuzuie. Kipimo cha kawaida cha zinki ni laktidi gramu 1.44, kompleksi miligramu 27, yaani milimoli 0.05, ndani ya diklorometani mililita 25. Diklorometani hiyo ina uzito wa gramu 33. Ikiwa na maji sehemu 50 tu kwa milioni, ni milimoli 0.09, karibu mara mbili ya zinki yote uliyonayo. Alkoksidi ya zinki ikikutana na maji inageuka hidroksidi, ligandi inachukua protoni na kuondoka, na kompleksi imekwisha. Hata ukishusha maji ya kiyeyushi hadi sehemu 5, umepoteza karibu asilimia 18, yaani zaidi ya moja kwa sita ya zinki. Ongeza maji ya laktidi yenyewe, sehemu 100 kwa milioni, na moja kwa sita nyingine imekwenda. Dalili nayo inageuka kinyume cha ile ya bati. Kwenye bati uchafu unaongeza minyororo na uzito unashuka. Kwenye zinki uchafu unaua vianzishi, waliobaki wanagawana laktidi nyingi zaidi, na mara nyingi uzito unapanda juu ya hesabu huku mwitiko ukienda kwa kuchechemea, au hautokei kabisa. Mtu asiyelijua hili hufurahia uzito mkubwa akidhani amefanikiwa.

Kutengeneza kompleksi yenyewe kuna hatua moja rahisi na mbili ngumu. Ligandi ni rahisi: asetilasetoni moli 1, 2,6-diisopropilianilini moli 2, asidi ya hidrokloriki moli 1 katika ethanoli inayochemka kwa siku mbili tatu, kisha chumvi inayotoka isawazishwe kwa kaboneti ya sodiamu na ligandi iundwe fuwele upya kutoka methanoli. Yote hayo hufanyika kwenye hewa ya kawaida. Baada ya hapo unahitaji zinki yenye makundi mawili ya silili-amidi, ipashwe na ligandi katika toluini, halafu isopropanoli kavu ya kiasi sawa iingizwe ili amidi iwe alkoksidi. Hatua hizi mbili zinataka sanduku la glavu (lililojaa gesi kavu, unafanyia kazi ndani yake kwa glavu), au mkono uliozoea laini ya ombwe. Wengine hutumia diethili ya zinki. Hiyo inawaka yenyewe ikigusa hewa, na usiiguse bila mtu mzoefu kando yako na ndoo ya mchanga mkavu. Na diklorometani ikaushwe juu ya hidridi ya kalisi, kamwe isikaushwe kwa sodiamu, maana mchanganyiko huo hulipuka.

Kama hamna sanduku la glavu na bado mnataka kuondoa bati kwa sababu ya matumizi ya tiba au mboji, kuna familia inayowafaa zaidi: kompleksi za zinki zenye ligandi za guanidini, ambazo kundi la Sonja Herres-Pawlis wa Aachen, Ujerumani, limezikuza kwa lengo hilo. Hazina alkoksidi ya kulinda. Guanidini ni ligandi isiyo na chaji, hivyo hakuna kifungo cha kuvunjwa na protoni ya kwanza inayopita. Zinafanya kazi katika laktidi iliyoyeyuka karibu na nyuzi 150, hata kwa laktidi ambayo haikusafishwa kwa ukamilifu, na kadhaa kati yake zina kasi ya kushindana na oktoati ya bati. Ila kumbuka: kustahimili maji si kuyafukuza. Kompleksi itaishi, lakini OH za wageni bado zitaanzisha minyororo na uzito utashuka vilevile.

Kwa hiyo mpangilio ninaokushauri ni huu. Safisha laktidi kundi moja la gramu 60 hivi, ligawe katika sehemu nne, na uendeshe majaribio matatu yanayofanana kwa myeyusho uleule wa bati na wa alkoholi. La nne lifanye bila kuweka alkoholi kabisa. Hilo la nne ndilo lenye thamani kubwa: ugawe uzito wa polima uliyopata kwa uzito wa molekuli uliosahihishwa, na unapata moja kwa moja milimoli za OH zilizobaki kwenye mfumo wako. Zikiwa chini ya 0.05 kwa gramu 14.4, hayo matatu yatakuwa kati ya 25,000 na 27,000 na yatakubaliana. Zikiwa 0.2, rudi kwenye toluini na fuwele. Kila jaribio lizimishwe kwa kloroformu yenye asidi ya benzoiki kidogo, kisha polima imwagwe polepole ndani ya methanoli baridi ya mara kumi ya ujazo, ichujwe na kukaushwa kwa ombwe nyuzi 40 mpaka uzito usibadilike. Bati iliyobaki hai ndani ya polima itaendelea kukata minyororo siku utakapoiyeyusha kutengeneza filamu, kwa hiyo iyeyushe katika kloroformu na kuimwaga katika methanoli mara mbili kabla ya kupeleka sampuli yoyote kwenye mashine ya kubonyeza.